Umeandika "Imepimwa na Chuo Kikuu" Kwenye Posti Yako? Soma Hii Kwanza

Leo posti ni ndefu kidogo, chukua chai kabisa. Nataka tuongee kuhusu vyuo vikuu na biashara zetu hizi ndogo za mtandaoni. Najua wengine mshaanza kusema "dada, mimi nauza viatu, chuo kikuu kinanihusu nini?" Subiri, tutafika.

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mimi nauza unga wa lishe hapa Elerai, Arusha. Mahindi, ulezi, soya, karanga. Duka sina. Nina simu, stoo ndogo nyuma ya nyumba, na kijana wa bodaboda anayenipelekea mizigo stendi. Wateja wangu wengi ni kina mama wenye watoto walioanza kula, wananipata kwenye status na kwenye makundi.

Siku moja alikuja binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, akanieleza anafanya utafiti wa vyakula vya watoto. Akaomba sampuli ya unga. Nikampa kilo mbili bila hata kumlipisha. Alikuwa na adabu zake, akaniuliza maswali, akaandika kwenye daftari, akaondoka.

Jioni ile ile nikapiga picha ya pakiti, nikaandika: "Unga wetu umepimwa na chuo kikuu. Ni salama kwa mwanao." Wadau, oda zilivyoingia wiki ile sijawahi kuona.

Ikapita kama wiki mbili, mama mmoja akaniandikia: "Dada, naomba picha ya hiyo karatasi ya kipimo. Mimi kwetu ni Kiteto. Unajua yaliyotupata 2016."

Kama hukumbuki, 2016 kulitokea mlipuko wa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walikula mahindi yenye sumu inayotokana na fangasi, ini likaharibika, na watu wapatao 20 wakafariki. Sumu yenyewe huioni kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi.

Karatasi sikuwa nayo. Nikampigia yule binti. Akanijibu vizuri tu: "Dada, sampuli yako niliipa namba, imechanganyika na za wauzaji wengine. Majibu bado. Na hata yakitoka, ni ya utafiti, sikuruhusiwa kuyatoa kwa jina la muuzaji." Yaani nilikuwa nimetangaza kitu ambacho hakijatokea. Binti hakunidanganya hata kidogo. Niliyedanganya ni mimi.

Nikafuta posti. Nikabeba sampuli zangu, nikaenda kulipia kipimo mwenyewe maabara. Mahindi yalikuwa salama. Karanga zilikuwa zimevuka kiwango. Gunia zima, lililokaa stoo yangu tangu msimu wa mvua.

Nilipiga simu kwa wateja 31 waliochukua unga wenye karanga zile. Wengine walishaumaliza. Nilirudisha hela kwa waliokubali kupokea. Jirani akaniomba zile karanga awape kuku, nikamkatalia, maana sumu hiyo inawadhuru kuku na inaweza kupita hadi kwenye mayai. Nilizifukia.

Yule mama wa Kiteto bado ni mteja wangu. Lakini ndipo nilipojiuliza: kumbe mimi sijui hata chuo kikuu kinauzaje elimu yake. Ninajua kutumia jina lake tu. Nikaanza kuuliza, kusoma, kufuatilia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Chuo kinapataje hela kutokana na elimu?

Ada ya wanafunzi tunaijua. Nje ya ada, kuna njia kuu nne. Twende taratibu.

1. Leseni. Mtafiti anagundua kitu kipya. Chuo kinakilinda kwa hataza, yaani hati inayosema uvumbuzi huu ni wetu, mwingine asiutumie bila ruhusa. Halafu kampuni inakuja, inaomba ruhusa ya kutengeneza na kuuza, na kila inapouza inakilipa chuo sehemu. Malipo hayo yanaitwa mrabaha.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni kinywaji cha Gatorade. Mwaka 1965, daktari Robert Cade na wenzake wa University of Florida, Marekani, walitengeneza kinywaji cha kuwasaidia wachezaji wa timu ya chuo waliokuwa wanaishiwa maji mwilini kwa jua. Kikaingia sokoni kupitia kampuni. Kisha ukazuka mvutano: hiki kitu ni cha nani? Cha madaktari au cha chuo? Ilibidi wafike kwenye makubaliano miaka ya 1970 ndipo chuo kikaanza kupata sehemu yake, na mpaka leo kinavuna mamilioni ya dola. Ona hapo. Hata wakubwa waligombana kwa sababu karatasi haikuwa imekaa sawa mwanzoni.

2. Kampuni ya mtafiti. Hapa mtafiti hasubiri mnunuzi. Anafungua kampuni yake inayotokana na utafiti wake. Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu, nitaueleza kwa kirefu hapo chini.

3. Huduma. Vipimo vya maabara, ushauri wa kitaalamu, mafunzo ya muda mfupi. Kiwanda kina tatizo, kinakilipa chuo kitafute jibu. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mimi na wewe, na ndiyo tunayoisahau.

4. Watu. Wanafunzi wanaokwenda kujifunza kazi viwandani, na watu wa viwandani wanaokaa na wahadhiri kushauri nini kifundishwe. Serikali yetu ilikuja na mradi unaoitwa HEET, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioanza 2021. Moja ya mambo yake ni kuvitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwanda na waajiri, ili masomo yaendane na kazi zilizopo.

Mfano wa kwetu: chujio la maji

Mtu wa Arusha hahitaji kuhadithiwa habari za floridi. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi tuna sehemu zinazopita hapo mbali sana, na ndiyo maana unaona meno ya kahawia kwa wengi wetu, na kwenye maeneo kama Oldonyosambu kuna watoto ambao mifupa yao imeathirika.

Pale Tengeru kuna chuo kinaitwa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Kilizinduliwa rasmi 2012, na kinafundisha shahada za uzamili na uzamivu. Mmoja wa wahadhiri wake ni Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyesomea teknolojia ya nano Korea Kusini. Kwao ni kijiji cha Gongali, Karatu, na amesema wazi kwamba alikua akiona watu wanaugua kwa maji machafu.

Akatengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na chembechembe ndogo mno za teknolojia ya nano. Mchanga unashika uchafu na vijidudu. Zile chembechembe zinashika vitu ambavyo mchanga unaviacha, kama floridi na metali nzito. Kikubwa zaidi, chujio linapangwa kulingana na maji ya mahali husika. Kama shida yenu ni floridi, linawekewa dawa ya floridi. Kama shida ni kingine, linawekewa kingine.

Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ndiyo mwaka wa kwanza tuzo hiyo kutolewa. Zawadi ilikuwa paundi 25,000. Kampuni inayoshughulika na chujio akaiita Gongali, jina la kijiji chake.

Sasa hapa ndipo mfanyabiashara atege sikio. Chujio zuri lilikuwepo. Tuzo ilikuwepo. Lakini familia ambayo kupata ndoo ya maji ni shughuli haiwezi kutoa hela ya chujio zima kwa mkupuo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungepunguza bei mpaka uanguke?

Wao walifungua njia nyingine: vituo vya maji. Mjasiriamali wa mtaani anakuwa na chujio, anachuja maji, anauza kwa lita kwa majirani. Familia hainunui chujio, inanunua maji ya leo. Mjasiriamali anapata riziki, kampuni inapata mapato yake, na elimu ya maabara inafika kwenye kikombe cha mtoto.

Naomba usome tena aya hiyo. Chuo kilikuwa na elimu. Mtafiti alikuwa na kampuni. Aliyeifikisha kwa mteja ni mtu mdogo mwenye kituo mtaani, anayemjua mama fulani na anajua leo ana shilingi ngapi. Bila mtu huyo, elimu ingebaki Tengeru.

Na mwingine mfupi

Hapa Arusha pia kuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. Si chuo kikuu, lakini kazi yake ni ile ile, kutoa ujuzi kwenye karatasi kuupeleka kwa watu. Miaka ya 1980, kwa kushirikiana na Wajerumani, walitengeneza muundo wa mtambo wa biogesi wa kujengwa kwa tofali chini ya ardhi, unaotumia kinyesi cha ng'ombe. Ulisambaa kupitia mafundi ujenzi. Fundi anafundishwa, anarudi kwao, anatafuta wateja wake mwenyewe, anajenga kwa malipo. Muundo huo ukavuka hadi nchi jirani. Hawakuhitaji kiwanda kikubwa, walihitaji mafundi wanaojua kutafuta kazi.

Sisi wauzaji wadogo tunaingilia wapi?

Kuna milango minne. Chagua unaokufaa.

*Mlango wa mteja.* Unalipia kipimo au mafunzo. Unauza mafuta ya nywele? Asali? Sabuni? Karanga za kusaga? Kuna maabara ya chuo au taasisi inayoweza kukuambia mzigo wako ukoje.

*Mlango wa wakala.* Kuna bidhaa za watafiti ambazo ni nzuri lakini hazina muuzaji. Mtafiti hajui kupiga picha ya bidhaa, hajui kujibu mteja saa tano usiku, hajui kufunga mzigo wa Singida. Wewe unajua. Nenda kwenye maonyesho, Nane Nane pale Njiro kwa mfano, pita kwenye mabanda ya vyuo na taasisi, uliza nani anauza bidhaa yao mtandaoni. Mara nyingi jibu ni hakuna.

*Mlango wa mshirika wa utafiti.* Kama ilivyokuwa kwangu. Mwanafunzi anahitaji wafanyabiashara halisi wa kufanyia utafiti. Kubali, lakini kwa masharti yaliyoandikwa.

*Mlango wa mwenye wazo.* Umebuni kitu chako mwenyewe na unataka msaada wa kukiboresha. Kuna vituo atamizi kwenye baadhi ya vyuo, kuna COSTECH kwa mambo ya ubunifu, kuna SIDO kwa viwanda vidogo.

Mambo sita ya kushika kabla hujagonga hodi

Kwanza, nenda na swali. Ukiandika "naomba msaada kuhusu biashara yangu" hakuna atakayejua akupeleke kwa nani. Andika hivi: "Nauza karanga za kusaga kilo 40 kwa mwezi, zinatoa mafuta juu baada ya wiki tatu. Nataka kujua sababu na namna ya kuzuia." Swali la namna hiyo mtu wa chakula analijibu, na pengine mwanafunzi wake akalifanya kuwa utafiti wake.

Pili, andikishaneni. Hata ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Nani anamiliki mapishi? Majibu ya kipimo nitayapata lini, na nitayapata kwa jina langu? Naruhusiwa kutumia jina la chuo kwenye matangazo? Kikizaliwa kitu kipya hapo, tunagawanaje? Mimi ningeuliza maswali haya ningepona aibu. Na nenda ofisini, usiishie kwa mwanafunzi. Mwanafunzi hana mamlaka ya kukupa jina la chuo.

Tatu, usiposti siri yako. Hili linatuhusu sana sisi watu wa mtandao. Hataza kwa kawaida hutolewa kwa kitu kipya ambacho hakijatangazwa hadharani. Ukishaweka video inayoonyesha hatua zote za uvumbuzi wako, unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe. Uliza BRELA kwanza, posti baadaye. Na kwa wengi wetu ambao hatujavumbua mashine, kinachotufaa zaidi ni kusajili alama ya biashara, yaani jina na nembo yako. Hilo pia ni BRELA kwa Tanzania Bara.

Nne, kipimo ni cha mzigo. Maabara ikipima sampuli, imepima mzigo ule. Gunia jipya likija, cheti cha zamani hakilisemei. Kwenye sumukuvu ni zaidi, kwa sababu sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache tu zinaweza kubeba sumu nyingi, na zilizo pembeni zikawa safi. Ndiyo maana sampuli inachotwa sehemu nyingi za gunia, juu, katikati na chini, kisha inachanganywa. Ukichota kikombe kimoja juu juu unajidanganya. Kwa mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki ni jumla ya sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kidogo mno, macho hayawezi kukusaidia.

Tano, kipimo cha chuo hakichukui nafasi ya TBS. Tangu 2019 usajili wa vyakula na vipodozi uko TBS, haupo tena ilikokuwa TFDA. Chuo kinaweza kukusaidia kujua bidhaa yako ikoje na kuiboresha. Ruhusa ya sokoni na alama ya ubora ni ya TBS. Kwa sisi wadogo, anzia SIDO upate barua ya utambulisho, kwa sababu TBS wana utaratibu maalumu kwa wajasiriamali wadogo wanaopitia huko. Usiogope bei kabla hujauliza.

Sita, andika kilichotokea tu. Nakupa mifano, nakili kabisa:

Usiandike: "Imethibitishwa na chuo kikuu."
Andika: "Mzigo wa mwezi huu umepimwa sumukuvu maabara. Ukitaka karatasi, niambie nikutumie."

Usiandike: "Wataalamu wanapendekeza."
Andika: "Nilihudhuria mafunzo ya usindikaji wa karanga. Haya ndiyo niliyobadilisha."

Usiandike: "Salama asilimia mia."
Andika: tarehe ya kufungasha, tarehe ya mwisho wa kutumia, na namna ya kuhifadhi.

Unaona? Sentensi za pili hazina makeke. Lakini mteja akikuuliza, una cha kumwonyesha.

Kwa nini nakusumbua na haya yote

Kuna mtu ataniambia: "Dada, mbona wengine wanaandika tu na wanauza?" Ni kweli wanauza. Hata mimi niliuza. Wiki ile ya uongo ndiyo wiki niliyouza kuliko zote, na gunia bovu lilikuwa stoo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Tangazo langu lilikuwa linawavuta kina mama waje kwenye unga mbaya, kwa jina la chuo ambacho hakijasema neno.

Sasa hivi kila msimu karanga zinapoingia, napeleka sampuli kabla ya kusaga. Gharama ya kipimo nimeigawa kwenye pakiti, bei imepanda kidogo. Nilipoteza wateja wachache waliotaka bei ya zamani. Waliobaki wanauliza, "Ya msimu huu umeshapima?" Nikisema bado, wanasubiri. Stoo nayo nimeinua, magunia yanakaa juu ya mbao na hayagusi ukuta, ushauri nilioupata bure kwa yule yule mtaalamu aliyenisomea majibu.

Na yule binti mwanafunzi alirudi mwaka uliofuata, akaomba tena sampuli. Safari hii tulikaa mezani, tukaandika ukurasa mmoja, tukasaini wote wawili, na msimamizi wake akagonga muhuri. Nikampa kilo mbili, nikamwongezea na pakiti ya kwake nyumbani.

Haya, zamu yako. Unauza nini, na swali gani ungependa mtaalamu wa chuo akujibu kuhusu bidhaa yako? Liandike hapo chini kwa sentensi moja. Tukipata maswali yanayofanana, tutayaandikia barua ya pamoja, maana kumi tukigonga hodi pamoja mlango unafunguka upesi. Na kama una posti yenye maneno "imethibitishwa na chuo" na huna karatasi, nenda kaifute sasa hivi kabla hujamaliza chai. Mimi nilishafanya hivyo, biashara haikufa.